Samaki wa Ubatizo

Samaki walielea matumbo juu, weupe, kuanzia kivukoni hadi pale mto Ilembo unapokata kona na kupotelea kwenye matete. Wenceslaus alisimama ukingoni na mshipi wake mkononi, nyungunyungu bado anajinyonganyonga kwenye ndoana, akajiona mjinga. Mtu umetoka nyumbani alfajiri, umechimba chambo kwa vidole, umekuja kumbembeleza samaki mmoja tu akubali kufa, kumbe ukoo mzima umeshakufa bila kubembelezwa na mtu.

"Usiwaguse," alisema Lugembe. Lugembe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na kila walipokwenda kuvua walikwenda pamoja.

"Kwa nini nisiwaguse? Mtu kamwaga utupa huko juu."

"Nani?"

"Nitamjuaje? Mwenye kutwanga utupa anapiga mbiu?"

Utupa kila mtu wa Uyui anaujua. Ni majani unayapanda mwenyewe pembeni mwa shamba, unayatwanga, unayamwaga kwenye maji yaliyotulia, samaki wanalewa na kupanda juu, unawaokota kama kuni. Unawala, hupati hata kuumwa tumbo. Mtemi alikuwa ameupiga marufuku kwa sababu unaua hata vifaranga vya samaki, lakini watu walikuwa wameshajipangia sheria yao chini ya ile ya mtemi: aliyetwanga ndiye mwenye kesi, aliyeokota ana kitoweo.

"Utupa unaua na vyura siku hizi?" Lugembe alinyoosha kidole. Vyura walikuwa wamelala kwenye tope, miguu imenyooka.

"Ukizidi unaua."

"Na kaa?"

"Lugembe, wewe ni mvuvi au bwana shamba?"

"Mimi ni mtu ninayemwogopa samaki asiyenikimbia." Lugembe alizungusha mshipi wake kwenye kijiti, akaufunga, akaondoka. Hakuaga.

Wenceslaus hakuwa mpumbavu. Aliona kwamba korongo wote walikuwa mbali, kwenye majani makavu, wala hakuna aliyekanyaga maji. Aliona, ila jicho la mhitaji lina kope nzito. Jumapili ile mjukuu wake wa kwanza alikuwa anabatizwa Tabora mjini, na wakwe walikuwa wanangoja kitoweo kutoka upande wa mama wa mtoto. Mwaka ule, mwaka wa kutawazwa kwa malkia mpya wa Waingereza, mvua ilikuwa imeshika njia nyingine, na mshipi wake ulikuwa unapanda mtupu wiki hadi wiki. Alikuwa ameshaanza kutunga kisingizio cha kuwapelekea karanga. Watu wa mjini, uwapelekee karanga kwenye ubatizo! Akavua shati, akaingia majini, akaanza kuokota.

Aliwachagua kambale wakubwa peke yao. Akajiambia kwamba kuchagua ndiyo busara.

*

Apolinaria, mkewe, hakuuliza mengi siku ile. Aliwapasua, akawatia chumvi, akawapanga juu ya chanja na kuwasha moto wa magogo mabichi. Ila mwanamke aliyeishi na mvuvi anajua mzigo wa kawaida wa mvuvi, na huu haukuwa wa kawaida.

"Baba Imakulata, hawa wote kwa ndoana?"

"Mto umetoa."

"Mto ule ule wa juzi?"

"Mama Imakulata, Mungu akitupa, tuhesabu vidole vyake?"

Apolinaria akawageuza samaki juu ya chanja. Alikuwa na furaha, nayo furaha ya mwaka wa njaa haitaki kuchunguzwa. Alimwona moyoni mwanawe Imakulata akipokea mzigo mbele ya mama mkwe, akisema, "Umetoka kwa baba." Imakulata alikuwa ameolewa na Justus, fundi wa karakana ya reli, kijana mwenye mshahara na saa ya mkononi. Mama yake Justus aliitwa Veneranda, mwanamke mnene wa maneno, aliyesema siku ya posa, tena kwa sauti, kwamba watu wa porini ni watu wazuri ila mikono yao ni mifupi.

Hakuna aliyewaonja wale samaki. Zawadi ya wakwe haimegwi nyumbani. Ukiimega, umemla mkwe wako. Ndivyo Apolinaria alivyolelewa, na ndivyo alivyofanya. Laiti angekuwa mlafi kidogo tu, hadithi hii ingekwisha hapo hapo jikoni. Lakini alikuwa mwanamke mwenye adabu zake, akawapanga samaki wote kwenye kilindo cha magome, akaziba kwa majani, akafunga kwa kamba.

Ijumaa akampa Twalibu. Huyu alikuwa mchuuzi wa kuku, Mwislamu wa Tabora, mwenye baiskeli iliyokuwa ikipita kijijini kwao Isikizya na vijiji vya jirani kila mara, na watu walimtuma hiki na kile.

"Wamekufaje hawa?" Twalibu aliuliza akifunga kilindo kwenye karia.

"Wamevuliwa. Una wasiwasi wa kuchinjwa?"

"Samaki hana kibudu, mama. Nauliza tu. Harufu yao tamu." Akapanda baiskeli, akaenda zake.

*

Jumapili asubuhi katekista alikuwa katikati ya sala ya maombi Shilinde alipoingia kanisani na fimbo yake ya kuchungia. Shilinde hakuwa Mkristo na hakuwahi kuingia mle. Alisimama mlangoni, pumzi juu juu.

"Samahanini," alisema. "Ng'ombe wangu wanakufa."

Walikuwa wamelala karibu na kivuko, matumbo yamevimba, povu limekauka mdomoni. Walikunywa jana jioni. Mmoja alikuwa bado anahema, akipiga mguu ardhini kama anayetaka kusimama aende mahali. Watu walisimama na nguo zao za kanisani, wanawake wakawavuta watoto nyuma, na mtu mmoja akasema kile ambacho kila mmoja alikuwa anakifikiri.

"Utupa hauui ng'ombe."

Hauui. Apolinaria aligeuka kumtazama mumewe. Wenceslaus alikuwa anatazama maji, na uso wake ulikuwa umekwisha kusema kila kitu.

"Uliwaokota," Apolinaria alisema polepole.

"Nilidhani utupa."

"Uliwaokota wamekufa, ukanyamaza, nikawakausha kwa mikono yangu hii, nikampelekea mwanangu."

"Mama Imakulata, nilidhani..."

"Ulidhani!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu waligeuka.

Ng'ombe wakifa, mtu lazima apatikane. Mwanangwa Ngollo, mkuu wa kijiji, alifika akiwa amevaa koti lake la serikali, ingawa kofia yake alikuwa ameisahau nyumbani. Maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema ni lile josho jipya la ng'ombe lililochimbwa huko juu na dawa yake ya kunuka. Mwingine akasema ni mchawi. Wa tatu akasema ardhi imepasuka chini na kutoa maji mabaya. Ngollo aliwasikiliza wote, halafu akachagua lililo rahisi kupeleka barazani.

"Kila mwenye mshipi wa kuvulia abaki kwangu mpaka tarishi wa mtemi afike. Asitoke mtu. Nani ana utupa shambani?"

Kila mtu alikuwa na utupa shambani. Lakini aliyeonekana akibeba samaki Jumatano alikuwa mmoja.

"Mwanangwa," Wenceslaus alisema, "niruhusu niende mjini. Leo leo. Nikirudi unifunge."

"Ukienda mjini utarudi? Kaa chini."

"Kuna watu watakufa!"

"Basi unajua habari za sumu," alisema Ngollo, na watu wakaguna. "Kaa chini."

Lugembe naye alikuwa amekwisha kukalishwa. Alimwambia dada yake kwa macho: nilisema. Apolinaria hakuwa na nafasi ya kusikia nani alisema nini. Alikuwa amemwona Twalibu kule nyuma ya watu, akifunga matenga yake ya kuku. Mchuuzi alikuwa amelala kijijini usiku ule na sasa alitaka kuondoka kabla hajaingizwa kwenye shauri la watu.

Alimkimbilia. "Twalibu, mwanangu. Ule mzigo uliufikisha?"

"Niliufikisha Ijumaa ile ile. Mama yake bwana aliupokea mwenyewe. Akasema utaliwa leo, baada ya misa."

"Nenda uwaambie wasile."

Twalibu alimtazama, akatazama ng'ombe, akaelewa. "Mama, shikamoo yako iko palepale, lakini hilo siliwezi. Mimi ndiye niliyewabeba. Nikisimama mlangoni niseme samaki wana sumu, wataniuliza nimejuaje. Watasema Twalibu kawabadilisha njiani. Nina watoto."

"Basi nibebe mimi."

"Wewe? Kwa mkweo?"

Hapo ndipo penyewe. Kwa Wanyamwezi, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe haingii ua wa mkwe bila kupelekwa na watu na kufunguliwa njia kwa zawadi. Apolinaria hakuwahi kumwona Justus uso mzima. Alimjua kwa kisogo na viatu. Alikuwa akijivunia hilo. Na ndiyo sababu ubatizo ulikuwa unafanyika bila yeye, akabaki kijijini akiwaza mjukuu ana pua ya nani.

"Toa matenga," alisema.

"Mama, kuku wangu..."

"Waache kwangu. Wakifa nitalipa. Toa matenga, Twalibu."

*

Mwanamke wa heshima zake, mke wa mtu, amevaa gauni la kanisani, akaonekana barabarani amekalia karia ya baiskeli ya mchuuzi, amemshika kiuno. Wachimba mihogo waliinua migongo. Mahali fulani wasichana walicheka mpaka wakajishika magoti. Apolinaria aliwasikia, na aibu ilimpanda, lakini haikupata pa kukaa.

Barabara ilifuata njia ile ya misafara ya zamani, iliyonyooka kuelekea mjini kama waliokuwa wakibeba pembe hawakuwa na muda wa kuzunguka. Mchanga ulikuwa mwingi. Kila penye mchanga Twalibu alishuka akasukuma, naye akashuka akakimbia mbele, kanga imefungwa kiunoni, viatu mkononi.

"Misa inatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Mimi na misa, mama? Wanaotoka kanisani huwa nawaona saa nne, saa nne na nusu."

"Halafu watapika."

"Watapika. Wali hauivi upesi." Twalibu alikuwa mtu mwema; alijua anachoulizwa. "Na watu wa mjini hawali mapema siku ya sherehe. Kwanza hotuba. Kwanza wasalimiane. Watakula saa nane."

Gurudumu la nyuma likatoa upepo. Twalibu alipindua baiskeli, akatoa kipande cha mpira na gundi, akaanza kuparuza mpira taratibu, kwa ustadi, na kila mparuzo ulimkwaruza Apolinaria rohoni. Alisimama juani akiomba Salamu Maria bila kufika mwisho wa hata moja. Akaona kivuli chake kinafupika chini ya miguu, akaacha kukitazama.

Wakati wote ule alikuwa anatafuta neno. Atasema nini? "Hodi, msile, samaki wangu ni sumu." Nani mwenye akili anasema hivyo mlangoni kwa wakwe? Akitamka sumu, watamwuliza imeingiaje. Na mwanamke wa kijijini aliyepeleka chakula chenye sumu mjini ana jina moja tu, halihitaji ushahidi. Imakulata atarudishwa nyumbani, mtoto atabaki kwa baba yake. Akisema, amemvunjia mwanawe nyumba. Asiposema, amemzika.

"Twalibu, huwezi kwenda mbio?"

"Mama, hapa nilipo ni roho tu inakanyaga."

*

Nyumba ya Justus ilikuwa mtaa wa Chemchem, ya matofali mabichi yaliyopakwa chokaa, bati jipya mbele, na ua wa mabua. Kutoka barabarani Apolinaria alisikia gramafoni na sauti za wanaume waliokwisha kutoa hotuba. Harufu ya kambale wa kukaushwa kwa moshi, waliopikwa kwa karanga, ilimkuta kabla hajafika mlangoni. Aliijua. Magogo aliyachagua mwenyewe.

Aliruka kutoka kwenye karia. Twalibu alibaki ng'ambo ya barabara, ameshika baiskeli yake tayari kwa lolote.

Alisimama nje ya ua, kama adabu inavyotaka, akaita, "Hodi! Hodi wenyewe! Niitieni Imakulata."

Akatoka Veneranda. Alikuwa amevaa gauni la hariri la rangi ya papai na kitambaa cha kichwa kilichosimama. Alimtazama Apolinaria kuanzia vumbi la nywele hadi miguu mitupu.

"Mzazi mwenzangu! Peke yako? Bila watu?"

"Mwangaluka, mama Justus. Naomba nimwone Imakulata. Kidogo tu."

"Imakulata anapakua. Umekuja na nini, na baiskeli?" Veneranda aliona Twalibu ng'ambo, akainua nyusi. "Au umekuja kuhakikisha samaki wako wameliwa? Leo mmejitahidi, sikatai. Nimewaambia watu: hawa ndio wa mkono mfupi, tazameni."

Ilikuwa sifa aliyoiota Apolinaria tangu siku ya posa, na ilimfikia saa hiyo, kama nguo mpya kwa aliyekwisha kuzikwa.

"Mama Justus, hao samaki... tumepata shida kidogo na mto."

"Shida gani?"

"Mto haupo vizuri. Ningeomba hao samaki wawekwe kwanza pembeni."

"Wawekwe pembeni!" Veneranda alicheka. "Wageni wameshanawa. Mkate wa watu unautoa kinywani? Au mmepungukiwa huko, mnataka mgawo urudi?"

Apolinaria alikuwa anazunguka, na kila alivyozunguka alijua anazunguka, lakini ulimi uliolelewa kwa heshima haujui njia ya mkato. Juu ya bega la Veneranda aliuona ukumbi. Mlango ulikuwa wazi. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani kuzunguka masinia, mikono imelowa, mmoja anamalizia ishara ya msalaba. Na kati yao kijana mwenye saa ya mkononi alikuwa amekwisha kulifinyanga tonge, amelichovya kwenye mchuzi, analiinua.

Apolinaria alimsukuma Veneranda. Alipita ua, akapanda kizingiti, akaingia mbele ya wanaume wa watu. Akapiga teke sinia la kwanza, likageuka. La pili akalikamata kwa mikono miwili, mchuzi wa moto ukimwunguza, akalitupa nje uani na wali wake na kambale wake.

"Baba!" alimwambia mkwe wake, uso kwa uso. "Tema! Usile! Ng'ombe wamekufa kwa maji ya mto ule. Samaki hawakuvuliwa. Waliokotwa!"

Gramafoni iliendelea kuimba peke yake. Justus alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, kama alivyofundishwa tangu utotoni, na tonge lilikuwa limeanguka mapajani mwake, kwenye suruali nyeupe.

"Kuna aliyekula?" Apolinaria aliuliza. "Jamani, kuna aliyemeza?"

Walitazamana. Hakuna aliyemeza. Mzee mmoja alitema mate kwenye leso yake, kwa usalama.

*

Veneranda hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi.

"Waliokotwa lini?" aliuliza.

"Jumatano."

"Ukawakausha Alhamisi. Ukawatuma Ijumaa. Na leo ndipo umejua ni sumu."

"Leo ndipo ng'ombe walipokufa."

"Mama huyu," Veneranda aliwaambia wageni, "amenitumia sumu kwenye ubatizo wa mjukuu wangu, halafu moyo umemsuta. Mmemsikia kwa masikio yenu. Au sivyo, basi hakuna sumu, ila hakutaka wanangu wale wakashiba, akaja kumwaga chakula na kumvua mkwe wake nguo mbele ya watu. Achague. Mchawi au mwendawazimu?"

Apolinaria alivipuliza viganja vyake. Vilikuwa vinawaka.

Hapo ndipo mtu mmoja akasema, "Tazameni mbwa."

Mbwa wa jirani, mwekundu, mbavu nje, alikuwa ameingia uani na kuufikia wali uliomwagika. Alikuwa anameza kambale mzima mzima, mkia ukimchezacheza. Twalibu kule barabarani akarudi nyuma na baiskeli yake. Hakuna aliyemfukuza mbwa.

"Mwacheni," alisema Veneranda. "Mwacheni ale. Akifa, nitapiga magoti kwa mama huyu mbele ya Padri, niseme ametuokoa. Asipokufa, atanijua."

Basi watu waliovaa suti na gauni za hariri, wengine wametoka kupokea Ekaristi asubuhi ile, wakasogea mlangoni na barazani kumtazama mbwa. Alikula akamaliza. Akalamba mchanga. Akaenda kivulini kwenye ukuta, akazunguka mara mbili, akalala ubavu.

Apolinaria alikuwa amekaa chini kwenye kona ya ua, mbali na wote. Afe, alikuwa anasema moyoni. Mungu wangu, nisamehe, lakini afe. Afe wajue sikusema uongo. Afe, mwanangu abaki kwenye nyumba yake. Alimkazia macho yule mbwa. Mbavu zilipanda, zikashuka, zikakawia kupanda. Nzi alitua kwenye jicho lake na mbwa hakupepesa. Faraja kubwa, mbaya, ikamwingia Apolinaria kifuani.

Mtu akakaa karibu naye. Alikuwa Imakulata, ametoka jikoni, amempakata mtoto aliyevaa gauni refu jeupe la ubatizo. Mtoto alikuwa ananyonya kwa nguvu, ngumi imefumba. Alikuwa na pua ya Wenceslaus.

"Shikamoo, mama," Imakulata alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, usiwaambie." Akatazama mlango. "Mimi nimeonja."

"Umeonja nini?"

"Mchuzi. Tangu asubuhi, chumvi ilikuwa haikolei. Na kichwa kimoja nimekila kule jikoni. Nilikuwa na njaa, mama. Nanyonyesha. Na walikuwa wanatoka nyumbani."

Apolinaria alimtazama mwanawe. Akamtazama mtoto kwenye ziwa. Halafu akamtazama yule mbwa aliyekuwa amemwombea kifo, akaona ni nani hasa aliyekuwa akimwombea.

"Simama," alisema. Sauti haikuwa yake. "Simama twende hospitali."

"Sijisikii chochote. Labda kichwa kidogo. Wakijua..."

"Wajue! Simama! Amekula!" alipiga kelele uani pale. "Binti yangu amekula, mniite mchawi baadaye, nileteeni gari!"

Justus aliyasikia maneno yale hata akiwa ameficha uso. Aliiondoa mikono, akasahau mkwe, akasahau wageni, akatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye gari, na njia yake ikapita ukutani. Hakuangalia chini. Alimkanyaga mbwa mkia.

Mbwa alilia, akaruka juu, akamwonyesha meno. Kisha akajipukuta, akarudi taratibu palepale kwenye mchanga wenye mchuzi, akanusa kama kumebaki kitu.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote. Walicheka kwa namna watu wanavyocheka baada ya kuogopa, wakashikana mabega, na yule mzee wa leso alipangusa machozi. Veneranda peke yake hakucheka. Alishuka barazani akamsimamia Apolinaria, kivuli chake kikamfunika.

"Haya," alisema. "Sasa sema."

Apolinaria aliinuka. Alikuwa hana viatu, mikono imebabuka, mchuzi kwenye gauni. Mumewe alikuwa amekalishwa kwa mwanangwa, na kesho huenda akapelekwa kwa mtemi. Alikuwa amemtazama mkwe wake usoni na kumwangushia chakula mapajani. Mbuzi wa kuondoa soni ile hata hakujua atatoka wapi. Na alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba Chemchem nzima ingemcheka mpaka mtoto yule afunge ndoa.

Alimtazama mbwa, amesimama kwa miguu yake minne. Akamtazama Imakulata.

Akaweka kiganja kinywani, akapiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vya ubatizo, vya mama aliyejaliwa, na vilimtoka pamoja na machozi.

"Unashangilia nini, wewe mwanamke?" Veneranda alikuwa amerudi nyuma hatua nzima.

"Mbwa mzima, mzazi mwenzangu," Apolinaria alisema. "Humwoni? Mbwa ni mzima!"

Akavuta pumzi, akapiga tena. Hakuna aliyemwitikia.